Kibandiko cha Kijapani mlangoni mwa IST

Fungua mlango wa dereva wa gari lililotoka Japan, utazame kwenye nguzo ya mlango, au inua boneti uangaze macho karibu na rejeta. Mara nyingi utakuta kibandiko kidogo kilichofifia, chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu zilizoandikwa kwa kalamu. Kuna watu wamemiliki magari haya kwa miaka na hawajawahi kukijali. Waosha magari hukikwangua wakidhani ni gundi iliyobaki.

Mimi nilikijulia kwenye gereji bubu moja Ilala, nilikokwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya Toyota IST ya rangi ya fedha, namba D, mlango wazi, tochi ya simu mkononi, anasoma. Nyuma yake alisimama mwalimu wa sekondari aliyekuja na gari hilo kulikagua kabla hajalipa. Mkopo wake wa SACCOS ulikuwa umeshatoka. Dashibodi ilionyesha kilomita elfu tisini na kidogo. Kibandiko kiliandikwa 134,700.

"Dada, hii gari imezaliwa upya," fundi alimwambia, bila kucheka.

Kibandiko hicho ni kumbukumbu ya kubadilisha oili. Gereji za Japan hukibandika kila zinapomwaga oili: tarehe, kilomita zilizosomwa siku hiyo, na mara nyingi kilomita ambazo zikifika gari lirudi tena. Gari lenye injini ya mkanda wa taimingi huweza kuwa na kingine chini ya boneti, kinachosema mkanda ulibadilishwa lini. Tarehe yenyewe huwachanganya wengi, kwa sababu Wajapani hutumia pia hesabu ya miaka ya enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza Januari 1989 ikaisha Aprili 2019. Ukiona 27 hapo, jumlisha 1988, unapata 2015. Baada yake ilifuata Reiwa, ambayo hujumlishwa na 2018.

Fundi huyu hakufundishwa na mtu. Aliomba nisiandike jina lake kwa kuwa madalali wanaomzunguka ndio majirani zake wa kila siku. "Kijapani sijui hata salamu," aliniambia. "Nimejua alama tatu tu. Ya siku ni kisanduku kimekatwa katikati. Ya mwezi ni kisanduku hichohicho, kina miguu. Ya mwaka ina mistari mingi, nimeikariri hivyohivyo. Namba ni zetu sote. Nilianza kuzisoma siku nilipoona gari mbili za mwaka mmoja, moja kibandiko kinasema oili imemwagwa kila kilomita elfu tano, nyingine haina kitu, na ile isiyo na kitu ndiyo niliyoifungua injini."

Kwenye IST ya mwalimu vibandiko vilikuwa viwili. Cha juu kilikuwa cha 2015. Cha chini kilikuwa cha miezi kadhaa kabla, na tofauti ya kilomita baina yao haikufika elfu sita. Kuna mtu huko Japan, hatutamjua kamwe, aliyelitunza gari hili. Likapanda meli, likashuka bandarini Dar es Salaam, na tangu siku hiyo hakuna aliyeandika lolote. Zaidi ya hapo, kuna aliyefuta. Kurudisha kilomita nyuma kwenye dashibodi ya kielektroniki ni kazi fupi kwa mwenye kifaa chake.

Tunajua sote kwa nini magari yetu huja yakiwa na umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila huliongezea ushuru kwa uzee wake. Anayenunua gari hapahapa nchini ananunua lililokwisha kuzeeka mara mbili, kwanza kule, kisha huku. Ndiyo maana mtu hushikilia ile tarakimu ya dashibodi. Ndiyo kitu pekee kinachofanana na ukweli.

Fundi haishikilii. Kwanza alinionyesha raba ya pedeli ya breki, iliyolika upande wa kulia mpaka chuma kikachungulia. Kisha usukani, uliokuwa laini na unaong'aa pale mikono inapokaa. "Gari ya kilomita elfu tisini haiwezi kula raba hivi," alisema. Akazunguka vioo vyote akilinganisha alama zilizochapwa pembeni. Kioo chenye alama tofauti na wenzake kimebadilishwa, na lazima kuna sababu. Akasoma ubavuni mwa matairi zile tarakimu nne za mwisho, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Akageuza swichi bila kuwasha injini, akingoja taa ya injini iwake. Isipowaka hapo, anasema, kuna mtu ameifunga ili isiseme.

Kuhusu injini ana sharti moja ambalo hulirudia kwa kila mteja: gari likutwe limelala. Muuzaji akikuletea gari la moto amekuficha nusu ya habari. Anaweka kiganja juu ya injini kwanza. Ikiwa baridi, anafungua mfuniko wa rejeta. Maji yenye kutu humwambia gari limeishi kwa maji ya bomba, na huenda liliwahi kuchemsha. Anatazama kama themostati ipo, kwa kuwa mafundi wengi wa mjini huing'oa gari likichemsha, wakaacha ugonjwa wenyewe ndani. Ndipo huwasha, huku mtu mwingine amesimama nyuma kwenye eksozi. Moshi wa bluu ukitoka ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, wenye harufu tamu, ni gasketi ya silinda hedi.

IST ile haikutoa moshi. Injini yake ni 1NZ, ile ya lita moja na nusu iliyomo pia kwenye Vitz, Fielder na Probox nyingi. Haina mkanda wa taimingi, ina cheni. Fundi anaiheshimu. Zile za D4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, huzikagua kwa wasiwasi, maana pampu yake ni ghali na wanaoijua vizuri ni wachache.

Nilimuuliza kilomita ngapi ni nyingi. Akakataa swali lenyewe. "Gari ya Dar kwenda Dodoma inakimbia gia ya juu, breki inaguswa mara chache, injini iko kwenye joto lake. Gari ya Mbagala kwenda Posta inashinda kwenye foleni. Injini inawaka, feni inazunguka, gia boksi inachemka, kilomita hazisogei. Dashibodi haihesabu masaa. Mimi nipe ya laki mbili na nusu ya barabara ndefu yenye mwenyewe anayejua oili alibadilisha lini. Usinipe ya elfu sabini isiyo na mwenyewe."

Nilitarajia amwambie mwalimu aliache gari. Hakumwambia hivyo. Alimwambia injini ni nzima, gia zinaingia vizuri, shokapu mbili za mbele zimekufa na bushi ziko njiani. "Gari haina kosa," alisema. "Aliyekosa ni mtu." Mwalimu akauliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: aliyedanganya kilomita, kipi kingine amedanganya? Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akanyamaza kidogo, akasema kadi ya gari yeye hajui kuikagua.

Kinachoniuma zaidi nilikisikia mwalimu alipokwisha kuondoka. Fundi huyu ameanza kuandika vibandiko vyake mwenyewe. Kila anapomwaga oili ya mteja anaandika tarehe na kilomita, anabandika pale walipokuwa wakibandika Wajapani. Wateja hufurahi. Siku wanapotaka kuuza, hurudi kumwomba abandue, au hubandua wenyewe, kwa sababu mnunuzi akiona laki mbili huondoka bila hata kuwasha gari, akaenda kununua elfu themanini ya uongo kwa jirani. Aliyetunza gari na kuandika ukweli ndiye anayeshushiwa bei. Anayerudisha kilomita huuza mapema. Sisi wanunuzi tumeutengeneza uongo huu kwa kuukimbia ukweli kila tunapouona, na sidhani kifaa chochote cha ukaguzi kitautibu tusipobadilika.

Mwalimu aliondoka na karatasi ya matengenezo yanayohitajika, akasema anakwenda kuzungumza na mume wake na kumwuliza muuzaji ana kwa ana. Kama alinunua, fundi hajui.

Wewe unayetafuta gari, chukua fundi wako mwenyewe, asiwe aliyeletwa na dalali, na umlipe hata kama jibu ni hapana. Likute gari asubuhi, halijawashwa. Mlango wa dereva ufunguliwe kabla ya boneti. Na wewe unayeuza gari ulilolitunza vizuri, kibandiko usikibandue: mwonyeshe mnunuzi, utaje kilomita zako zote, na umwache aamue.