Kuiga, kuigiza, kuonyesha: msamiati wa kumfunza anayeuguza nyumbani

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC mjini Moshi na kurejea kwake Rau, kazi ya kumgeuza kitandani, kumlisha na kumpa dawa huhamia mikononi mwa mke, binti au mkwe. Njia mojawapo ya kumwandaa mtu huyo ni kumpa nafasi ya kuifanya kazi hiyo mbele ya mtaalamu, kwa kutumia sanamu au mtu aliyejitolea kulala kitandani, kabla ya kumgusa mgonjwa mwenyewe. Maneno yanayotumika kuitaja njia hii hukaribiana, lakini hayalingani.

Iga na igiza. Kitenzi *igiza* kimetokana na *iga*, lakini maana yake imeelekea kwenye tamthilia na, katika mazungumzo, kwenye kujisingizia: «Haumwi huyo, anaigiza tu.» Kwa hiyo sentensi «Utaigiza kumchoma baba yako sindano» yaweza kusikika kama mzaha. Afadhali: «Utafanya mazoezi ya kuchoma sindano kwenye sanamu kabla ya kumchoma baba yako.» Kwa jina la mbinu yenyewe, *mazoezi ya kuiga hali halisi* yanaeleweka bila ufafanuzi.

Onyesha. Katika *onyesho*, mtaalamu hutenda na mwanafunzi hutazama. Katika *mazoezi ya kuiga*, mwanafunzi hutenda na mtaalamu hutazama, akasahihisha. Mfasiri akiyachanganya maneno haya, jamaa atarudi nyumbani akiwa ameona tu, ilhali mikono yake haijajaribu.

Sanamu, mdoli, mwanasesere. *Mwanasesere* na *mdoli* ni vya kuchezea watoto. Mzee akiambiwa ajifunze kwa mwanasesere anaweza kujiona amedharauliwa. *Sanamu ya mafunzo* huondoa tatizo hilo. Hata hivyo, ujamaa wa vitu hivi ni wa kweli: Asmund Laerdal wa Norwei, aliyetoa sanamu ya kufundishia uokoaji wa maisha iitwayo Resusci Anne mwaka 1960, alikuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea. Wala kufunza kwa sanamu si jambo geni kwetu. Mwaka 1956 Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu sanamu za udongo zilizotumika kuwafunda vijana katika sherehe za kuwavusha utotoni nchini Tanganyika.

Muuguzi, muuguzaji, mlezi. Maneno mawili ya kwanza yametokana na *uguza*, yaani kumtunza mgonjwa. Siku hizi *muuguzi* ni mwenye taaluma. Jamaa wa mgonjwa akiitwa hivyo, msomaji atadhani maelekezo yanamhusu mtumishi wa hospitali. *Mlezi* hufaa kwa mtoto, lakini «mlezi wa baba yake» hugeuza heshima ya kizazi juu chini. *Muuguzaji* au *anayemuuguza mgonjwa* huonyesha vyema anayelengwa. Tofautisha pia *ugua* na *uguliwa*: «Ameugua» maana yake yeye mwenyewe ni mgonjwa, «Ameuguliwa na mama yake» maana yake mama ndiye mgonjwa.

«Umeelewa?» Swali hili hujibiwa «Ndiyo» kwa adabu, hasa anayeuliza akiwa daktari na anayejibu akiwa mgeni wa hospitali. Jibu hilo halithibitishi kitu. Mazoezi ya kuiga huhitaji kauli inayodai tendo: «Mama, sasa mgeuze wewe, nami nitatazama,» au «Nionyeshe utakavyofanya ukifika nyumbani.» Hapo kosa hujitokeza palipo na wa kulirekebisha: mguu uliosahauliwa chini ya mwenzake, shuka iliyokunjamana mgongoni, kichwa kilicholazwa chali wakati wa kumeza. Yakiachwa, mawili ya kwanza huweza kuleta vidonda vya kulalia, na la tatu huweza kumpalia mgonjwa.

Kwa mfasiri. Taja mtendaji katika kila hatua. «Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili» haisemi nani ageuze, na nyumbani penye watu wengi kila mmoja aweza kumngojea mwenzake. «Mgeuze mgonjwa kila baada ya saa mbili» humwelekea anayesoma moja kwa moja, na ndiyo kauli atakayokuwa ameizoea tangu siku ya mazoezi.