Kufulia ghorofani: maji yataingiaje, na yataenda wapi?

Nyumba za ghorofa zinaendelea kujengwa Mamboleo, Riat na Kibos, na wenye nyumba wengi sasa wanataka nguo zifuliwe juu, katika bafu lililo karibu na vyumba vya kulala. Sababu yao inaeleweka. Nguo chafu ziko juu, kamba ya kuanikia iko kwenye roshani, na hakuna wa kupanda na kushuka ngazi na beseni. Tatizo ni kwamba fundi huitwa baada ya mashine kununuliwa, wakati mambo yanayoamua kama bafu hilo linafaa yameshafunikwa na vigae.

Swali la kwanza ni mahali maji machafu yatakapoishia. Mashine husukuma maji nje kwa nguvu, na bomba jembamba la sinki ya kunawia mikono hulemewa hadi povu likarudi sakafuni. Bomba la inchi mbili lenye mwinamo wa sentimita 2.5 kwa kila mita, na kona inayobaki na maji ya kuzuia harufu, hutosha. Liunganishwe na mfumo wa maji taka wa KIWASCO pale ulipofika, au na tangi la maji taka la nyumba. Ipo njia ya mkato: kuliingiza kwenye bomba la maji ya mvua nje ya ukuta. Ni rahisi na ni makosa. Povu hilo hushuka mtaroni, likaingia mto Auji au Kisat, kisha ziwani, na kituo cha maji cha Dunga huchota maji katika ziwa hilohilo. Mabaki ya sabuni na maji taka pia hurutubisha magugu maji, ambayo wavuvi wa Ghuba ya Winam wamehangaika nayo tangu miaka ya 1990.

Kuhusu uzito, watu huiogopa mashine na kulisahau pipa. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo pipa la lita 200 lililojaa huzidi mara mbili uzito wa mashine nyingi za nyumbani. Wanaoweka maji ya akiba kwa siku ambazo mfereji umekauka waweke pipa hilo chini, au wamwulize mhandisi kwanza. Mashine yenyewe ikae kwenye kona, na miguu yake isawazishwe kwa pimamaji, la sivyo itatembea inapokamua nguo.

Maji ya kuingia nayo yana hesabu yake. Tangi la paani hutoa msukumo kulingana na kimo: mita 10 kwa kila ba moja. Bafu la juu likiwa mita 2 tu chini ya tangi, msukumo ni ba 0.2, na mashine nyingi za kujaza zenyewe huhitaji zaidi ya hapo. Mashine iliyofanya kazi vizuri chini huenda juu ikakaa ikisubiri maji. Dawa ni kuinua tangi au kufunga pampu ndogo.

Umeme wa volti 240 usicheze karibu na maji. Soketi isiwe mahali anayeoga anaweza kuifikia, na saketi iwe na kikata umeme kinachozima umeme unapovuja. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Anayetaka kubomoa ukuta au kuongeza chumba ambacho hakimo katika mchoro ulioidhinishwa apate kwanza idhini ya kaunti, chini ya sheria ya mwaka 2019 ya upangaji na matumizi ya ardhi.

Kabla vigae havijawekwa, sakafu ipakwe dawa ya kuzuia maji, ipande ukutani angalau sentimita 15. Kisha tundu la sakafuni lizibwe, maji yamwagwe hadi yatuame, na yaachwe saa 24. Kesho yake mwenye nyumba asimame chumba cha chini na kukagua dari. Akiona unyevu, vigae visubiri.