Kifyonza Moshi: Kagua Bomba Linakoishia

Mkazi anayenunua kifyonza moshi cha jikoni hushawishika kwa mng'ao wa chuma; linalostahili kukaguliwa kwanza ni bomba. Vipo vinavyochuja mafuta na harufu, kisha huirudisha hewa ileile chumbani. Kwa mpishi wa mkaa hivyo havina kinga yoyote: gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, haizuiwi na chujio hilo, nayo huua watu usingizini.

Kwa jiko la gesi, kichaguliwe kinachotoa hewa nje ya ukuta, si darini, chenye upana usiopungua wa jiko. Dirisha liachwe wazi kidogo, kwani feni haivuti hewa isiyoingia. Mkaa upikiwe nje, au chini ya dohani inayopita juu ya paa.