Kabla ya Nembo, Tazama Bawaba

Dada mmoja aliingia kibandani kwangu amebeba laptopu kwa mikono miwili, ikiwa wazi, kama mtu aliyebeba sinia la futari. "Fundi, usiifunge," akaniambia hata kabla ya salamu. "Ukiifunga inapasuka zaidi."

Nikaigeuza, nikatoa skrubu za chini. Bawaba yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokufa ni plastiki inayoishikilia. Ndani ya plastiki hiyo hupachikwa vijikombe vya shaba, vidogo mno, na skrubu za bawaba hukazwa humo. Bawaba ikianza kukaza, kila ukifungua kifuniko unavivuta kidogo, hadi siku vinang'oka na kipande cha kasha. Viwili vilikuwa vikicheza ndani kama mbegu za kayamba. Mashine ilikuwa na mwaka na miezi miwili, waranti ilikuwa ya mwaka mmoja. Nembo yake siitaji, ila ni kubwa.

"Mdogo wangu anasoma Ujerumani," akasema. "Huko kuna kampuni ndogo zinakuundia laptopu kwa oda. Si bora hizo?"

Hapo ndipo wengi wanapochanganya. Kompyuta ya mezani huundwa kweli: kasha hili, mazabodi ile. Laptopu haiko hivyo. Kampuni kama Schenker ya Ujerumani au Sager ya Marekani zimezoea kununua mwili mtupu, wenye kasha, mazabodi na kibodi, mara nyingi kutoka Clevo ya Taiwan, iliyoanzishwa 1983. Wao huweka ramu na diski unayotaka, huijaribu, kisha hubandika jina lao. Nawe usiwacheke, maana wakubwa nao hufanyiwa kazi: Quanta na Compal, za Taiwan vilevile, zimetengeneza laptopu za Dell na HP miaka mingi.

Wala ukubwa haujawahi kuzuia aibu. Mwaka 2006 Dell iliita betri milioni 4.1 zirudishwe, kwa kuwa seli zake, kazi ya Sony, zingeweza kushika moto. Mwaka 2008 Nvidia ilitenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za picha zilizokuwa zikifa ndani ya laptopu. Joto likipanda na kushuka, viungo vya risasi vilivyoshika chipu vilipata nyufa. Mashine za namna hiyo ndizo zilizotufundisha mafundi kuoka mazabodi kwenye oveni. Inafufuka, unalipwa, baada ya wiki mbili mteja yuko mlangoni amefura. Nami nilioka, naungama.

Basi nikamwambia: mdogo wako aliye Ujerumani na anunue ya oda akitaka. Nyingi zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, ramu inabadilishika, na ikiharibika walioifunga wako nchi hiyohiyo. Ila asikuletee wewe. Kibodi yake ikifa, Kariakoo utaizunguka yote uambulie soda. Wewe tafuta mtumba wa kiofisi, ThinkPad, Latitude au EliteBook. Zinakuja kwa wingi zikitoka maofisini Ulaya na Marekani, kwa hiyo vioo, chaji na bawaba zake zinapatikana, na kampuni zake hutoa bure vitabu vya kuzifungulia.

Dukani, achana kwanza na stika za prosesa. Shika kona moja ya kifuniko, inua polepole. Kona ya pili ikichelewa kufuata, au ukisikia plastiki inalia, irudishe mezani. Kisha ulizia kama ramu imechomelewa; ikichomelewa, uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Yake niliishika kwa gundi ya kuchanganya na skrubu ndefu zilizopenya hadi nje ya kasha, vichwa vyake vikionekana kama vipele. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akaitia kwenye mkoba, akauliza bei.