Je, Wajua? Magari ya Kwanza Kuvuka Sierra Nevada

Je, wajua kwamba msafara wa kwanza kuvusha magari ya kukokotwa na maksai juu ya milima ya Sierra Nevada, magharibi mwa Marekani, haukupoteza hata mtu mmoja? Ulikuwa mwaka 1844. Watu wapatao 50, wakiongozwa na mhunzi Elisha Stephens, walifika California wote wakiwa hai, na watoto wawili wakazaliwa safarini.

Jangwani waliokolewa na maarifa ya wenyeji. Mzee wa kabila la Wapaiute, Truckee, aliwaelekeza kwenye mto ambao leo unaitwa kwa jina lake.

Karibu na kilele walizuiwa na ukuta wa mwamba. Wakashusha mizigo, wakaibeba wenyewe. Walipopata ufa mwembamba, waliwafungua maksai nira na kuwapitisha mmoja mmoja. Kule juu wakawafunga tena, wakayavuta magari kwa minyororo huku wanaume wakisukuma kutoka chini. Magari matano yakapita. Sita yaliachwa kando ya ziwa lililo chini ya kilele.

Kijana mmoja wa msafara huo, Moses Schallenberger, alibaki huko ziwani peke yake katika kibanda cha magogo, akila mbweha aliowanasa kwa mitego ya chuma, hadi alipookolewa mwishoni mwa Februari 1845. Majira ya baridi ya 1846, kibanda hichohicho kilihifadhi baadhi ya watu wa msafara wa Donner, uliokwama thelujini na kupoteza karibu nusu ya watu wake.