Nani atamkatia upepo mtoto wa Kwamkoro?

(Mazungumzo haya yalisikika redioni wiki hii. Tunayachapa kama yalivyosomwa.)

Ndugu wasikilizaji, kuna swali ninaloulizwa mara kwa mara hapa Kwamkoro, na wengi wanaoniuliza hawatafuti jibu, wanatafuta kicheko. Wanasema: mtu mzima mwenye akili zake anawezaje kukaa saa tano akitazama watu wanaoendesha baiskeli? Mpira una mabao, ngumi zina damu, je, baiskeli ina nini?

Leo nitajibu. Na nikimaliza kujibu, nami nitakuwa na swali langu.

Tuanze na mbio zenyewe. Mbio kubwa kuliko zote za barabarani ni zile za kuizunguka Ufaransa, Tour de France. Zilianzishwa mwaka 1903 na gazeti lililoitwa L'Auto, kwa sababu ambayo mwenye gazeti yeyote ataielewa: lilitaka kuuza nakala nyingi kuliko mshindani wake. Na liliuza. Hata fulana ya njano anayovaa anayeongoza, iliyoanza kuvaliwa mwaka 1919, ina rangi ya karatasi za gazeti hilo. Mbio hizi huchukua wiki tatu, hugawanywa katika hatua 21, na jumla yake ni kama kilomita 3,400. Kila siku muda wa kila mtu huandikwa, na anayekuwa na jumla ndogo kuliko wote mwishoni ndiye mshindi.

Hapo ndipo watu wengi huishia. Wanadhani mwenye miguu yenye nguvu ndiye atakayeshinda. Sivyo. Adui wa mwendesha baiskeli kwenye tambarare ni upepo. Akifikia mwendo wa kilomita 40 kwa saa, zaidi ya robo tatu ya nguvu zake zinaishia kusukuma hewa iliyo mbele yake. Lakini akijibanza nyuma ya mwenzake, tairi karibu kugusa tairi, anaweza kuokoa hata theluthi ya nguvu hizo. Aliye mbele anakata upepo, aliye nyuma anapumzika huku akienda mwendo uleule.

Kwa hiyo kila timu, yenye watu wanane katika mbio za Ufaransa, huchagua mmoja wa kushinda, na saba waliobaki huwa watumishi wake. Wao ndio wanaokaa mbele kilomita 100 au 150 wakipigwa na upepo ili yeye asipigwe. Wao ndio wanaorudi nyuma kwenye gari la timu, wakajaza chupa za maji ndani ya fulana mpaka mgongo ukafanana na gunia la viazi, kisha wakapanda tena kuwafikia wenzao na kuwagawia. Kiongozi akipata pancha mahali pabaya, mtumishi humvulia gurudumu lake mwenyewe, au humpa baiskeli nzima, akabaki kando ya barabara akisubiri gari. Jioni picha gazetini ni ya mtu mmoja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini katika mchezo huu kidole kimoja ndicho kinachovishwa pete.

Hiyo ndiyo damu na hayo ndiyo mabao, ndugu zangu. Ukishajua nani anamfanyia kazi nani, saa tano hazikutoshi.

Basi sasa nilalamike kidogo, maana mzee asiyelalamika watu hudhani anaumwa. Zamani habari za michezo zilikuja zenyewe, redioni, saa yake ikifika. Siku hizi dunia nzima imo mfukoni, lakini kuitoa huko mfukoni ni kazi. Unanunua kifurushi, unaambiwa kina muda wa wiki, na waendeshaji wakianza tu kupanda mlima wa mwisho unaletewa ujumbe kwamba umetumia asilimia mia moja. Ukinunua kingine, unatakiwa uweke neno la siri. Ukiliweka, unaambiwa si lenyewe. Ukiomba jipya, unaambiwa jipya lisifanane na la zamani, lile ambalo dakika moja iliyopita waliniambia silijui. Umeme nao ukikatika, mnara unaufuata. Mbio zinamalizika nami natazama duara dogo linalozunguka kwenye kioo, gurudumu pekee nililobahatika kuliona likizunguka siku hiyo.

Tuache hayo, twende milimani, maana sisi ni watu wa milimani. Kwenye kupanda, mwendo hupungua na kinga ya upepo haisaidii sana. Hapo kila mtu na uzito wake. Mlima unaoimbwa sana Ufaransa ni Alpe d'Huez: kilomita kama 14, kona 21, kupanda zaidi ya mita 1,000. Sasa nawaomba mfikirie barabara yetu ya kutoka Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni. Nayo inapanda takriban mita 1,000, kwa kilomita zaidi ya 30, kona moja baada ya nyingine, maporomoko upande mmoja na mwamba upande wa pili. Au barabara yetu hii ya Muheza kuja Amani, inayopita msituni hadi kwenye mashamba ya chai, ambayo mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Kuna vijana wanaoishuka na kuipanda kwa baiskeli nzito isiyo na gia, mkungu wa ndizi au gunia la mkaa kwenye karia. Mapafu wanayo, na miguu pia.

Kama ni hivyo, kwa nini hatuwasikii? Tazameni wenzetu.

Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, mtoto wa wazazi Waingereza. Mama yake alimpeleka kwa David Kinjah, Mkenya mwendesha baiskeli aliyekuwa akiishi kijijini Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu, na kuwafundisha vijana nyumbani kwake. Kinjah akamchukua yule mtoto pamoja na wengine, wakawa wanapanda na kushuka vilima vya nyanda za juu. Mwaka 2006 Froome aliitaka sana nafasi ya kushiriki mashindano ya dunia ya vijana kule Salzburg, Austria. Amesimulia mwenyewe kwamba alituma barua pepe akijifanya kiongozi wa chama cha baiskeli cha Kenya ili ajiandikishe. Akafika, akaanza mbio, na mara tu baada ya kuanza akamgonga mwamuzi. Miaka saba baadaye, mwaka 2013, alishinda Tour de France, kisha akashinda tena 2015, 2016 na 2017. Lakini alishinda akiwa Mwingereza, kwa maana alihamia upande huo mwaka 2008. Mcheza kwao hutunzwa, na yeye hakuona wa kumtunza huku.

Eritrea ni hadithi nyingine. Huko Waitalia waliacha baiskeli, na wenyeji wakaifanya mchezo wao hasa, watu wakijaa barabarani kutazama mbio kama sisi tunavyojaa uwanjani. Matunda yake ni Biniam Girmay, kijana wa Asmara aliyezaliwa mwaka 2000. Machi 2022 alishinda mbio za Gent–Wevelgem kule Ubelgiji. Mei mwaka huohuo alishinda hatua moja ya mbio za Italia, na jukwaani, alipokuwa akifungua chupa ya mvinyo ya ushindi, kizibo kikamruka jichoni na kumtoa mashindanoni. Lakini jicho lilipona. Mwaka 2024 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Alishinda tatu, akarudi nyumbani na fulana ya kijani ya mwenye pointi nyingi.

Na wapo majirani zetu wa Rwanda. Hawakuwa na bahari wala utajiri mkubwa, walikuwa na vilima tu. Waliyaingiza mashindano yao, Tour du Rwanda, katika kalenda ya kimataifa mwaka 2009. Mwendeshaji wao Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake katika mauaji ya kimbari ya 1994, alibeba bendera ya nchi kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267, kupanda na kushuka bila kupumzika. Aliyeshinda ni Tadej Pogačar wa Slovenia, na kati ya zaidi ya watu 160 walioanza, 30 tu ndio waliofika mwisho. Vilima ambavyo mama muuza mboga wa Kigali huvipanda kila siku viliwatoa jasho mabingwa wa dunia.

Sisemi kwamba mchezo huu ni wa malaika. Mmarekani Lance Armstrong alinyang'anywa ushindi wote saba wa Tour de France mwaka 2012 kwa kutumia dawa zilizokatazwa. Penye fedha hapakosi hila.

Lakini katika hadithi zote tatu kuna jambo moja. Kila mmoja alikatiwa upepo. Froome alikatiwa na Kinjah, mtu asiyekuwa na mali ila baiskeli na moyo. Girmay alikatiwa na taifa zima lililomfundisha kwamba baiskeli ni heshima. Waendeshaji wa Rwanda walikatiwa na uamuzi wa nchi yao.

Hapa kwetu je? Baiskeli imekuwa alama ya umaskini. Kijana akipata senti anakimbilia pikipiki, nami simlaumu, kwani inamlisha. Mijini hata njia ndogo iliyotengwa kwa baiskeli utaikuta imekaliwa na pikipiki na meza za biashara. Vijana wetu wanaijua michezo ya Ulaya kwa kubeti mikeka, kila mtu na simu yake, kila mtu na nyaya zake masikioni, kila mtu akipambana na upepo wake peke yake. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa kuhusu maisha ya kisasa, kuliko vifurushi na maneno ya siri. Tumesahau kupokezana mbele.

Na tiba yake haihitaji mabilioni. Shule zetu zina UMITASHUMTA na UMISSETA, watoto wanakimbia, wanaruka, wanacheza mpira. Sijapata kuona huko mbio za baiskeli. Afisa michezo wa wilaya akitenga Jumapili moja kwa mwezi, barabara ikafungwa saa mbili asubuhi, wavulana na wasichana wakashindana kwa baiskeli zilezile za kubebea ndizi, mshindi akapewa tairi mbili na mnyororo mpya, tutakuwa tumeanza. Fundi baiskeli wa kijiji atapata kazi. Kinjah hakuanza na zaidi ya hapo.

Sasa swali langu, kwa wale wanaonicheka. Huyo kijana anayepanda kwenda Amani na mzigo wake, akikupita njiani akihema, umewahi kumuuliza jina?

Panapo majaliwa, wiki ijayo.