Mafuta yaliyobeba chanjo yako
Kama ulipanga foleni ya Pfizer 2021, kilichoingia begani kilikuwa kimefungwa ndani ya vitone vya mafuta, vidogo mno hata darubini ya maabara ya shule haivioni. Kati ya waliovitengeneza ni mzee wa Vancouver, Kanada, anayeitwa Pieter Cullis.

Jamaa alisomea fizikia hadi uzamifu, kisha miaka ya 1970 akahamia baiokemia. Swali lake lilikaa kama la mtu asiye na shughuli: ikiwa utando wa seli ni tabaka mbili tu za mafuta, yaani lipidi, mbona una lipidi za aina nyingi hivyo? Huko Utrecht, Uholanzi, yeye na wenzake walionyesha kuwa baadhi yazo, zikiwa peke yake, hukataa kulala tabaka. Hujikunja ziwe mirija.

Shika hapo. Ujumbe wa chanjo, mRNA, una chaji hasi, tena huharibika upesi. Mafuta yanayoubeba hupata chaji chanya penye asidi tu. Seli ikimeza kitone, kinajipata ndani ya kifuko chenye asidi. Mafuta yanapata chaji, yanashikana na yale ya kifuko, na utando unashindwa kukaa tabaka. Unapasuka, ujumbe unatoka. Si unaona? Tabia ileile ya mirija.

Onpattro, dawa ya ugonjwa adimu wa neva inayotumia vitone hivi, iliidhinishwa Marekani 2018. Cullis alikuwa na miaka sabini na ushei.